Mwongozo kamili wa kutafakari projekti yako ya muziki, kuanzia sesheni ya kwanza mpaka ripoti

Umemaliza wimbo, umeukabidhi, alafu mwalimu anataka kurasa kadhaa za tafakuri: ulifanya nini, umejifunza nini, ungebadilisha nini. Hapo wengi wanaandika ratiba. Kwanza tulichagua biti, baadaye tukatunga mashairi, tukarekodi, tukamiksi, kulikuwa na changamoto lakini tulijitahidi na tumejifunza umuhimu wa ushirikiano. Ripoti nyingi nilizosoma ziko hivyo na inaniuma kweli, maana ukisikiliza wimbo wenyewe unakuta mle ndani kuna maamuzi mazuri kibao, kuna mtu aliamua kukata vyombo vyote kabla ya kiitikio, kuna mtu alihamisha maiki mpaka sauti ikatulia, alafu kwenye karatasi hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Mimi naamini somo la muziki lina vipande vinne na vyote lazima viwepo: uamuzi ulioufanya, kilichosikika, sababu ya kusikika hivyo, na utakachofanya projekti ijayo. Kikikosekana kimoja bado hujajifunza, una kumbukumbu tu, au una lawama. Kwa hiyo mwongozo huu wote ni wa kukusaidia kupata hivyo vinne, na utaona sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujaandika hata sentensi moja ya ripoti.

Hatua ya 1: Andika lengo kabla ya kurekodi

Sio lengo la "nataka kutengeneza wimbo mzuri", hilo haliwezi kupimwa na mwisho wa siku kila mtu atasema limetimia. Andika kitu ambacho sikio linaweza kukikubali au kukikataa. Mfano: wimbo wa dakika 3 na nusu, tempo 96 (mapigo 96 kwa dakika), sauti mbili za kuimba, gitaa na ngoma, na mtu ambaye hajawahi kuusikia aweze kushika kila neno la kiitikio hata akisikilizia spika ya simu. Hapo tayari una kipimo. Ongeza na kitu kimoja unachotaka kujifunza wewe binafsi, kimoja tu, labda kurekodi gitaa la kawaida kwa maiki au kupanga sauti za pembeni.

Chagua pia nyimbo mbili au tatu za kulinganisha, zenye mwelekeo unaoutaka, na uandike unachokipenda kwenye kila moja kwa maneno yanayoshikika: ngoma ziko mbele, sauti iko karibu kama anakuimbia sikioni, besi haizidi. Hizo nyimbo zitakuokoa baadaye masikio yakishachoka na huwezi tena kujua kipi ni kipi.

Kama projekti yako imeshaisha na hukuandika lengo, usitunge moja sasa hivi ukajifanya lilikuwepo tangu mwanzo. Rudi kwenye meseji mlizotumiana, maombi ya projekti, demo ya kwanza kwenye simu, na uandike lengo linaloonekana humo. Mara nyingi utakuta lengo lilibadilika katikati, na hiyo peke yake ni habari nzuri ya kutafakari.

Hatua ya 2: Weka ushahidi kila sesheni

Kumbukumbu ya mtu inadanganya, hasa ukishausikia wimbo mara nyingi. Ukifika wiki ya mwisho utaamini kwamba sauti ilirekodiwa vile kwa sababu mlipanga, kumbe mlirekodi vile kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Ndo maana unahitaji daftari la kazi, na halihitaji kuwa zuri. Mistari mitano kila mkimaliza inatosha: tarehe, mlichotaka kufanya, mlichoamua na kwa nini, setingi muhimu, na kitu kimoja kinachokusumbua. Kama kuandika ni shida jirekodi kwa simu, ongea dakika moja mkiwa bado mnakunja waya, maana hapo ndo unasema ukweli ambao kesho yake utakuwa umeshaupamba.

Alafu piga picha. Picha ya maiki ilivyokaa mbele ya mwimbaji, picha ya vitufe vya amplifaya, skrinshoti ya kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na ikwalaiza (inayopandisha au kushusha besi, katikati na juu). Picha moja ya maiki ina thamani kuliko aya nzima ya "tulirekodi kwa uangalifu", kwa sababu ukiwa na picha unaweza kukadiria umbali na pembe na kuona ukuta ulikuwa wapi.

Kitu kingine cha lazima, kila sesheni ikiisha toa faili la wimbo mzima kama ulivyo, hata kama ni mbovu, na ulipe jina lenye namba na tarehe. Usiandikie juu ya la zamani. Na projekti yenyewe kwenye programu ihifadhi kwa jina jipya, v01, v02, v03 hivyo hivyo, achana kabisa na majina ya "finali", "finali mpya", "finali ya mwisho kabisa". Ukiwa na matoleo yote unaweza kuweka v03 na v09 pembeni ukasikia kwa masikio yako kitu gani kilipotea njiani, na nakuhakikishia kuna kitu kitakuwa kimepotea.

Kuhusu nafasi, hesabu yake ni rahisi. Ukirekodi kwa 44.1 kHz (sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde) na biti 24 (usahihi wa kila kipimo, sio biti ya wimbo), traki moja ya mono (chombo kimoja, bila mgawanyo wa kushoto na kulia) inakula karibu MB 8 kwa dakika. Traki kumi za dakika nne ni kama MB 320. Sio nyingi, kwa hiyo hamna sababu ya kufuta teki (marudio ya kurekodi) za zamani kabla ya ripoti kukabidhiwa. Na weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine kabisa nje ya unapofanyia kazi. Laptopu zinaibiwa, diski zinakufa, na tafakuri bila sauti inabaki kuwa maneno tu.

Hatua ya 3: Usikilize upya, lakini sio hivi hivi

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo yenye utajiri wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza acha wimbo upumzike. Siku kadhaa kama ratiba inaruhusu, angalau usiku mmoja kama hairuhusu. Ukitoka kumiksi masaa manne mfululizo masikio yamezoea kila kasoro, huisikii tena, unasikia kile ulichokusudia kuweka. Ukirudi usikilize mara tatu kwa namna tatu tofauti. Mara ya kwanza sikiliza tu kama msikilizaji, skrini imezimwa, huandiki kitu. Skrini kuzimwa ni muhimu sana kwa sababu ukiona traki zinapita unajua kinachokuja na macho yanayaambia masikio cha kusikia. Mara ya pili shika kalamu uandike dakika na sekunde pamoja na ulichosikia, kwa mfano "0:48 neno la pili limemezwa", "1:12 ngoma zimerudi mapema kidogo", "2:30 hapa moyo umeinuka". Zingatia, andika unachosikia na sio unachodhani ndo sababu, sababu ina hatua yake. Mara ya tatu sikiliza ukiwa na lile lengo la hatua ya kwanza mkononi, uulize sehemu kwa sehemu limefikiwa au bado.

Pili, kama unalinganisha matoleo mawili, lazima sauti zake ziwe sawa kwa ukubwa. Sikio la binadamu linapenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata tofauti ya desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) inaweza kukufanya useme toleo jipya ni bora kumbe limepandishwa tu. Na sio kupenda tu, hata sura ya sauti inabadilika: Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza zaidi upande wa besi kuliko upande wa katikati. Yaani miksi uliyoifanya kwa sauti ya juu kabisa ikapendeza, ukiipiga taratibu besi inakimbia, na uliyoifanya taratibu ukiipiga juu besi inafura. Kwa hiyo kwenye ripoti ukiandika "besi ilikuwa imezidi", sema ulisikiliza kwa sauti ya kiasi gani na kwenye nini.

Tatu, badilisha vifaa. Hedifoni, spika kubwa, spika ya simu, na kama unaweza pia iweke mono. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko kama 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde) na spika ya simu haina uwezo wa kuitoa hiyo, msikilizaji wa simu anaisikia besi kupitia zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti. Kama besi yako ni ile laini isiyo na chochote juu, kwenye simu itapotea kabisa, na hilo ni somo zuri la kuandika kwa sababu lina sababu inayoeleweka na dawa inayoeleweka, unaongeza distoshoni (mkwaruzo wa sauti) kidogo ili zile sauti za juu zipatikane. Ukiweka mono nako angalia nini kinanyauka. Gitaa lililokuwa pana na zuri kwenye hedifoni likigeuka jembamba au likitoweka, ujue pande mbili zinapingana, zinafutana.

Hatua ya 4: Panga kila ulichoandika kwenye fungu lake

Chukua ile orodha ya dakika na sekunde uigawe: utunzi na mpangilio, uimbaji na upigaji, kurekodi, kumiksi, watu na muda. Inaonekana kazi ya kikarani lakini hapa ndo maana yote inaanza kujitokeza, kwa sababu kosa kubwa linaloonekana kwenye tafakuri za wanafunzi ni kuupa miksi mzigo wa kila kitu. "Miksi ilikuwa na ukungu." Sawa, lakini ukungu umetoka wapi?

Mara nyingi umetoka kwenye mpangilio. Do ya katikati ya kinanda iko karibu 262 Hz. Mkono wa kushoto wa kinanda ukishikilia kodi nene (noti kadhaa kwa pamoja) hapo na chini yake, gitaa linapiga kodi hizo hizo eneo hilo hilo, na mwimbaji naye anaimba humo humo, basi vitu vitatu vinagombania kati ya 200 na 500 Hz na hakuna ikwalaiza itakayovipatanisha vyote bila kuviumiza. Ukikipandisha kinanda oktavu moja, au ukamwambia apige noti mbili badala ya nne, ukungu unaondoka bila kugusa plagini yoyote. Kwa hiyo hapo somo ni la mpangilio wa vyombo, na projekti ijayo utalishughulikia mapema, kwenye mazoezi, badala ya kuhangaika nalo usiku wa kuamkia kukabidhi.

Kuna njia rahisi ya kujua fungu sahihi. Zima traki moja moja. Kama ukizima kinanda sauti inafunguka ghafla, tatizo lilikuwa mpangilio. Kama ukisikiliza traki ya sauti peke yake na bado ina mwangwi wa chumba, tatizo lilikuwa kurekodi. Kama peke yake iko safi na ikiwa na wenzake inapotea, sasa ndo unaweza kuongelea miksi.

Hatua ya 5: Tafuta sababu mpaka ufike kwenye uamuzi

Uliza "kwa nini" na uendelee kuuliza hadi ufike kwenye kitu ambacho mtu aliamua, au aliacha kuamua. Ukiishia kwenye "kwa sababu chumba kilikuwa kibaya" hujafika. Nani alichagua chumba, mlikuwa na njia gani nyingine, mliwahi kupiga makofi mle ndani mkasikiliza?

Tuchukue huo huo mfano wa mwangwi. Maiki inapokea sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja na inapokea pia ile iliyogonga kuta ikarudi. Umbali kati ya mdomo na maiki ukipungua nusu, ile ya moja kwa moja inapanda kama desibeli 6, wakati ile ya kuta inabaki karibu vile vile. Kwa hiyo mwimbaji aliyesimama mita moja na aliyesimama sentimita 20 ni kama wako vyumba viwili tofauti ingawa chumba ni kimoja. Lakini ukisogea sana maiki nyingi za kuimbia zinaongeza besi, sauti inakuwa nzito, na herufi p na b zinapiga upepo. Basi somo kamili linasomeka hivi: tulirekodi sauti mwimbaji akiwa mbali na maiki kwa kuogopa herufi p, tukapata mwangwi ambao hautoki kwenye miksi, sababu ni uwiano wa sauti ya mdomo na ya kuta, projekti ijayo tutaanza na sentimita 15 hadi 20, maiki ikiwa pembeni kidogo ya mdomo, na mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, tutarekodi mistari miwili na kuisikiliza kabla ya kuendelea. Hapo mtu mwingine akisoma anaweza kuifanya.

Mfano mwingine ambao ni wa muhimu kwa sababu unagusa utu wa mtu. Kwenye daftari kuna "mwimbaji alikuwa nyuma ya biti". Kabla hujaandika hivyo kwenye ripoti yenye jina lake angalia bafa ilikuwa ngapi wakati wa kurekodi, yaani kompyuta inakusanya sampuli (vipimo vya sauti) ngapi kabla ya kuzipitisha. Bafa ya sampuli 1024 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 23, na sauti inaingia na kutoka kwa hiyo mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni baada ya milisekunde 46 au zaidi. Mtu anayejisikia kwa kuchelewa anavurugika, anavuta maneno, anaonekana hana taimu wakati taimu anayo. Bafa ya 128 ni kama milisekunde 3 tu kila upande. Mara ngapi mtu ameambiwa hajui kuimba na biti kumbe ni setingi moja kwenye programu! Kwa kweli hapa ndo naona tafakuri ina thamani ya kibinadamu kabisa, inamtoa mtu lawama isiyo yake.

Maiki mbili kwenye gitaa moja nayo inawapiga wengi. Sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Maiki moja ikiwa mbele ya nyingine kwa umbali huo, ukizichanganya kwa ukubwa sawa, kuna masafa ya mitetemo yanafutana kuanzia karibu 500 Hz, alafu 1500, alafu 2500, na gitaa linatoka kama linapigwa ndani ya bomba. Ukiona "gitaa lilikosa mwili" kwenye daftari lako na picha inaonyesha maiki mbili, anzia hapo.

Na sauti kupasuka kwa kurekodi juu sana, hiyo sababu yake ni fupi: kwenye dijitali juu ya sifuri ya mita hakuna kitu, wimbi la sauti linakatwa. Ukiwa na biti 24 hamna haja ya kujaza mita, vilele vikifika kati ya desibeli -12 na -6 inatosha kabisa.

Hatua ya 6: Yaliyofanikiwa nayo yana sababu

Watu wanadhani kutafakari ni kuorodhesha makosa. Hapana. Kama kuna sehemu kila aliyesikia alisimamisha anachofanya, hiyo unatakiwa kuichambua kwa bidii ile ile, maana usipojua kwa nini ilifanya kazi hutaweza kuirudia.

Rudi kule kwenye kimya kabla ya kiitikio. Kwa tempo 96 pigo moja ni milisekunde 625, unagawa tu 60,000 kwa tempo. Mkiacha pigo zima tupu, msikilizaji ana zaidi ya nusu sekunde ya kungoja, mwili wake umeshahesabu pigo linalofuata na linapokuja na vyombo vyote linagonga mara mbili. Sasa jiulize, ilifanya kazi kwa sababu ya kimya peke yake? Au kwa sababu ubeti kabla yake ulikuwa umepunguzwa vyombo? Mlijaribu na nusu pigo? Kama mna v04 isiyo na kile kimya, zipige zote mbili kwa mtu mmoja mmoja bila kumwambia tofauti yake na umuulize ni wapi alihisi kuinuka. Majibu yao yaweke kwenye ripoti.

Hatua ya 7: Maoni ya watu, na kuandika kuhusu wenzako

Ukimuuliza rafiki "umeuonaje" atakwambia mzuri. Anakupenda. Muulize swali lenye jibu: neno gani hukulisikia, ni wapi ulitamani kuruka mbele, wimbo unaongelea nini, chombo gani unakikumbuka. Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kumpa mtu asiyeujua wimbo kalamu na karatasi, asikilize kiitikio mara mbili, aandike maneno aliyoyasikia. Alichokiacha au alichokikosea kinakuonyesha moja kwa moja matamshi, miksi au utunzi uliporundika silabi nyingi. Watu watano wakikosea neno lile lile hauhitaji mjadala.

Kuhusu wenzako kwenye kundi, andika maamuzi na mipango, achana na tabia. "Mpiga ngoma hakuwa makini" haimsaidii msomaji wala mpiga ngoma. "Hatukukubaliana nani ana kauli ya mwisho kwenye mpangilio, kwa hiyo ngoma zilibadilishwa baada ya sauti kurekodiwa na mwimbaji akabaki anaimba juu ya mchezo mwingine" inasaidia, na dawa yake inaonekana yenyewe: ngoma zifungwe kabla ya sauti. Kama ni wewe uliyefanya sehemu fulani sema "mimi", kama ni kundi sema "sisi", usichanganye, mwalimu anayesoma anataka kujua mkono wako uko wapi. Onyesha aya zinazowataja wenzako kabla ya kukabidhi. Wataongeza sababu ambazo wewe hukuwepo kuziona.

Hatua ya 8: Sasa andika

Kuna mifumo inayotumika sana vyuoni. David Kolb mwaka 1984 alieleza mzunguko wa vipande vinne: unapitia tukio, unaliangalia upya, unatoa wazo la jumla, unalijaribu tena. Graham Gibbs mwaka 1988 akaweka vipande sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa hatua zijazo. Naye Donald Schön mwaka 1983 alitofautisha kutafakari ukiwa ndani ya kazi na kutafakari baada ya kazi, na kwa mwanamuziki hii tofauti ni ya kweli kabisa kwa sababu unapobadilisha jinsi unavyopiga katikati ya teki tayari unatafakari, ila kwa vidole. Kama mwalimu wako ametaja mfumo ufuate. Kama hajataja, mimi ningechukua vipande vya Gibbs kama orodha ya kujikagua badala ya kuvifanya vichwa vya habari, maana ukivifanya vichwa unaishia kujaza kila kimoja kwa urefu sawa, wakati uchambuzi ndo unatakiwa kula nafasi kubwa na maelezo yasizidi robo ya ripoti.

Chagua masomo matatu, manne mwisho. Sio kumi. Kila moja lipe mnyororo wake kamili. Angalia tofauti hii (mastaringi ni kuuandaa wimbo wote mara ya mwisho baada ya miksi, limita inazuia sauti isipite kiwango fulani, LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, snea ni ngoma yenye mlio mkali).

Dhaifu: "Kwenye mastaringi tulipata changamoto ya sauti kuwa ndogo lakini tukaiongeza na ikawa nzuri."

Imara: "Toleo la mwisho tulilisukuma kwenye limita mpaka likafika kama -8 LUFS kwa sababu tulitaka lilingane na nyimbo tulizokuwa tunalinganisha nazo. Kwenye v11, kabla ya kusukuma, snea inagonga, kwenye v12 imelala. Spotify kwa kawaida inashusha nyimbo mpaka kama -14 LUFS, kwa hiyo ule ukubwa wetu ungeshushwa kama desibeli 6 na tungebaki na snea iliyolala bila faida yoyote. Wimbo ujao nitatoa matoleo mawili, lililosukumwa na lisilosukumwa, niyaweke kwa ukubwa sawa, na nichague kwa kusikiliza snea."

Umeona, la pili lina namba, lina matoleo, lina sababu, na lina kitu cha kufanya. Pia linakubali kwamba kulikuwa na nia nzuri mwanzoni, haijidharau.

Usiache hisia nje ukidhani sio za kitaaluma. Kama ulirekodi teki nzuri kuliko zote baada ya taa kuzimwa na kila mtu kuacha kukuangalia, hiyo ni taarifa kuhusu mazingira ya kurekodi, iandike na useme utaiandaaje tena. Hofu ya kurekodiwa ipo na inabadilisha sauti, pumzi inapanda juu kifuani, mistari mirefu inakatika.

Taja pia kila kitu ambacho sio chenu: lupu (vipande vinavyojirudia) mlizochukua, sampuli, ala zilizopangwa tayari, programu ya akili mnemba kama iliandika sehemu yoyote, na nani alipiga nini. Kwa sampuli za rekodi za watu wengine sema kama ruhusa ipo, maana hapo kuna haki za mtunzi na kuna haki za mwenye rekodi, ni vitu viwili tofauti. Hili lifanye fupi lakini lisikosekane.

Hatua ya 9: Geuza masomo kuwa setingi

Somo likibaki kwenye ripoti litakufa humo. Fungua programu yako siku hiyo hiyo utengeneze projekti tupu ya kuanzia: traki zimeshapewa majina, kuna traki moja ya wimbo wa kulinganisha, kuna kitufe cha mono kwenye masta (traki ya mwisho inayobeba wimbo wote), bafa ya kurekodia imeandikwa kwenye noti juu kabisa. Kama somo lilikuwa umbali wa maiki, chukua kamba ya sentimita 20 uifunge kwenye stendi. Kama lilikuwa kuhusu watu, andika yale mnayokubaliana kabla ya sesheni ya kwanza, nani anaamua mpangilio, tarehe ya kufunga ngoma, tarehe ambayo baada yake hakuna kurekodi tena.

Mwisho ambatanisha sauti. Kata vipande vya sekunde 15 hadi 20, kabla na baada, kwa kila somo uliloandika, ukubwa wake uwe sawa, na majina ya faili yafanane na namba za vifungu kwenye ripoti, mfano 2a_mbali na 2b_karibu, ili anayesoma kifungu cha 2 abonyeze na asikie unachokisema hapo hapo. Vitoe kwa WAV au MP3 ya 320 kbps, uvisikilize vyote mara moja kutoka kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha vinafunguka, ndo ukabidhi.